Mtayarishaji wa Filamu Tanzania: Fedha, Soko na Haki ya Kuchagua Hadithi

Kazi ya mtayarishaji wa filamu, yaani mtu anayechagua hadithi, kutafuta fedha, kukusanya waigizaji na mafundi, kisha kuhakikisha kuwa filamu inawafikia watazamaji, ilianza Tanganyika ikiwa mikononi mwa wageni. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu ulioongozwa na wageni wawili, Notcutt na Latham, na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na Carnegie Corporation ya Marekani, uliweka kituo chake Vugiri, katika milima ya Usambara, ukatengeneza filamu 35 zilizohusu mambo kama kilimo, afya na kuweka akiba, na kuzizungusha kwa lori katika makoloni ya Afrika Mashariki na Kati. Waafrika waliigiza, lakini hawakuamua ni hadithi ipi isimuliwe. Hata katika miaka ya 1950, Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, alipong'ara katika filamu ya Muhogo Mchungu, mamlaka ya kuchagua hadithi yalibaki kwa wageni.

Baada ya uhuru, serikali iliunda Tanzania Film Company mwaka 1968, na mtayarishaji akawa mtumishi wa umma. Mpango huo ulimpa Mtanzania vifaa na ujuzi, ingawa filamu kama Fimbo ya Mnyonge, iliyohimiza siasa ya Ujamaa, zinaonyesha kuwa aliyelipa gharama ndiye aliyeweka mipaka ya masimulizi.

Televisheni binafsi zilizoanza Tanzania Bara mwaka 1994 zilifungua njia nyingine, kwa kuwa vikundi vya maigizo kama Kaole, alikopitia mwigizaji Steven Kanumba, vilipata watazamaji wa kila wiki, na wasanii wake wakajulikana kiasi cha kuweza kuuza filamu kwa majina yao. Kamera za video zilipopungua bei, mwigizaji aliweza kuwa mwandishi, mwongozaji na mtayarishaji kwa wakati mmoja, na soko la filamu zilizopewa jina la Bongo Movie likastawi. Hata hivyo, watayarishaji wengi walimuuzia msambazaji haki zote za filamu kwa malipo ya mara moja, hivyo mauzo yaliyofuata hayakuwaongezea mtaji wa kazi nyingine.

Historia hii inathibitisha kwamba kipaji pekee hakijengi taaluma ya utayarishaji. Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto, imedhihirisha kuwa hadithi ya Kiswahili inaweza kuvuka mipaka bila kuacha lugha yake. Ili mafanikio ya namna hiyo yawe ya kawaida, mtayarishaji anapaswa kulinda hakimiliki yake kwa uzito uleule anaoupa mswada, kwa sababu anayemiliki filamu ya leo ndiye mwenye uwezo wa kuamua hadithi ya kesho.