Skwota ni nani, kwani?

Wasee, kuna neno tunalirusha ovyo hapa Nairobi: skwota. Ukikaa kwa mabati na huna hati ya ploti, basi wewe ni skwota. Lakini hili neno halikuanzia mtaani. Lilianzia kwa mashamba ya walowezi. Mwafrika aliyeishi na kulima kwa shamba la mzungu aliitwa skwota, na sheria ya 1918 ikasema lazima amfanyie mlowezi kazi siku 180 kwa mwaka ndio aruhusiwe kukaa. Mwenye karatasi ndiye aliamua nani ni mgeni.

Sasa cheki hii. Mwaka huo huo wa 1918, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 4,197 za askari Wanubi na familia zao. Wao wakapaita Kibra, yaani msitu. Hati hawakupewa. Estate zikajengwa humo, ardhi ikazidi kupungua, na ilipofika 2017 wakapewa hati ya jamii ya ekari 288. Piga hesabu mwenyewe.

Kule Berlin, wasanii waliingia jengo bovu la Tacheles mwaka 1990, wakalifanya maarufu, halafu 2012 wakafurushwa. Hapa kwetu stori ni tofauti kidogo. Anayeitwa skwota hakuingia nyumba ya mtu. Aliijenga mwenyewe, na akaipaka rangi. Mwaka 2001 wachora mabango wawili, Otieno Gomba na Otieno Kota, walianzisha kundi la Maasai Mbili hapo Kibra. Vita vya baada ya uchaguzi vilipochacha 2008, Solo 7 alizunguka na brashi akiandika ujumbe wa amani kwa kuta na milango ya watu. Hakungoja kibali cha mtu.

Kisha Julai 2018 tingatinga zikaja asubuhi, kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Watu kama 30,000 walipoteza makao. Shule pia zilianguka.

Nitakuwa mkweli: hiyo barabara naitumia. Nikitoka tao kwenda kushuti video Lang'ata, inaniokolea saa nzima ya jam. Na juzi nilikaa kwa mkahawa fulani Kilimani, ukutani kuna mchoro mkubwa wa mabati ya Kibra. Nikapiga picha, nikaposti, mkapenda sana. Bei ya kahawa hapo ingelisha familia siku nzima.

Ndio maana inaniuma. Huu mji unapenda rangi ya Kibra, lakini wenye brashi bado unawaita skwota. Mabati yakiwa kwa mchoro ni sanaa. Yakiwa kwa paa ni uchafu wa kuondolewa.

Kama kwenu kulikuwa kwenye njia ya hiyo barabara, niandikie. Video inayofuata nataka usimulie wewe, mimi nishike kamera tu.