Uzee kati ya Dzaleka na Chilinde: nini huyafanya maisha ya mzee kuwa mema?

Mzee anapofika kwa mhudumu wa afya, huulizwa kuhusu presha, sukari, magoti na macho. Maswali hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi. Shirika la Afya Duniani huutazama ubora wa maisha kwa jinsi mtu mwenyewe anavyoiona nafasi yake, ndani ya utamaduni anamoishi na kwa kulinganisha na matarajio yake. Dodoso la shirika hilo kwa wazee lina maeneo sita: kusikia, kuona na hisi nyingine, uhuru wa kujiamulia, kuridhika na yaliyopita na yajayo, kushirikiana na watu, hofu ya kifo, na ukaribu na wapendwa. Ugonjwa haukupewa eneo lake. Unaingia kupitia yale unayomnyang'anya mtu.

Kwa wazee wanaozungumza Kiswahili nchini Malawi, mambo hayo yana sura yake. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, yapata kilomita 45 kutoka Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa na gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Sasa inahifadhi zaidi ya 50,000, wengi wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Aliyeingia mwaka wa kwanza akiwa na miaka 35 amekwisha kuvuka 60, umri ambao Umoja wa Mataifa huuhesabu kuwa mwanzo wa uzee.

Linalouma zaidi ni umbali na mtoto. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 kwa kuweka masharti, yakiwemo ya kazi na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi walioishi nje ya kambi warejee Dzaleka kabla ya Aprili 15. Amri ya namna hiyo huonekana kuwa habari ya vijana na biashara zao. Lakini mwenye kibanda katika mtaa kama Chilinde, jijini Lilongwe, mara nyingi ndiye bima ya mama yake kambini: anatuma pesa ya unga, ya miwani, ya dawa. Akifunga biashara, anarudi karibu na mama mikono mitupu. Akibaki mjini, pesa zinafika, lakini mama anashinda peke yake.

Lugha nayo ina uzito wake. Wajukuu hujifunza Chichewa shuleni na mitaani. Bibi amebaki na Kiswahili, Kibembe au Kirundi. Basi mjukuu wa miaka kumi na miwili ndiye anayemtafsiria kwa daktari. Yapo maradhi ambayo bibi hatayataja mbele ya mtoto huyo, na anatoka na dawa ya kichwa.

Kuna dalili moja ambayo familia huipuuza kwa urahisi. Mzee aliyezoea kusuluhisha ugomvi wa majirani anaacha kwenda barazani, kanisani au msikitini, na watu husema amechoka. Huenda hasikii tena yanayosemwa, au mtoto wa jicho umemfunika na anaogopa kuanguka njiani wakati wa matope. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na masikio wakati mwingine yameziba kwa nta tu. Kabla ya kumwachia mkeka wake, yafaa apelekwe kupimwa vyote viwili.