Vyombo vya Mke, Vyuo vya Mume: Mali za Nyumbani katika Mji wa Kale wa Mombasa

Katika koo za kale za Waswahili wa Mombasa, kuoana hakukuchanganya mali. Sheria ya Kiislamu ilimwachia kila mmoja chake: mahari yalikuwa ya mke, na vyombo alivyopewa na wazazi wake mume hakuwa na haki ya kuviuza wala kuviweka rehani. Lililobaki kuamuliwa ni nafasi, yaani kipi kikae wapi.

Nafasi yenyewe aghalabu ilikuwa ya upande wa mke. Mzazi mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba, au alimwongezea ghorofa juu ya nyumba ya ukoo, na bwana harusi ndiye aliyehamia. Desturi hiyo iliwafaa watu wa bandari. Wanaume walisafiri kwa majahazi wakifuata kaskazi na kusi, baadhi yao wakiwa na wake katika miji zaidi ya mmoja, na talaka haikuwa nadra. Ndoa ikivunjika, mume alifunga sanduku lake akaondoka. Nyumba haikupungua kitu.

Vitu vya mke vilikuwa vizito. Ndani kulijaa sahani na mabakuli ya kauri: ya China kwa waliorithi ya zamani, na katika karne ya 19 ya Uholanzi na Uingereza pia. Kulikuwa na madele na masinia ya shaba, na juu ya yote, kasha. Kasha zuri lilikuwa la mbao ngumu, limepigwa misumari ya shaba kwa nakshi, lina droo chini, na ndani, kwenye ubavu mmoja, kijisanduku chenye kifuniko cha kuwekea vito. Mume hakutazamiwa kuongeza sahani hapo.

Fahari yake, akiwa mtu wa elimu, ilikuwa vyuo, yaani vitabu, na karatasi, ambazo mchwa na unyevu wa pwani havikuzihurumia. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yamesalia kwa kuwa Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kumpa mmisionari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor sasa ziko London, katika chuo cha SOAS. Zimeokoka, lakini ziko mbali na kisiwa cha Mombasa.

Kilichotawanya vyombo na vyuo vya nyumbani hasa ni mauti. Kwa sheria ya Kiislamu, palipo na watoto, mjane hupata thumni na mjane wa kiume robo; kisha mtoto wa kiume hupata mafungu mawili ya binti. Kasha halikatwi vipande. Ama mrithi mmoja aliwafidia wenzake, ama liliuzwa wakagawana fedha. Baadhi ya wenye vitabu walijihadhari mapema kwa kuvifanya wakfu, ambao hauuzwi wala haurithiwi.

Katika karne ya 20 watalii walitafuta makasha na shaba kuukuu, na maduka ya barabara ya Ndia Kuu yaliwauzia. Makumbusho ya Fort Jesus yalifunguliwa mwaka 1960, na Mji wa Kale ukatangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, hatua iliyolinda kuta kuliko vilivyomo ndani yake. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inataka kibali kabla ya kupeleka vitu vya kale nje ya Kenya.

Kuhusu wanandoa wenyewe, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inamruhusu Muislamu kufuata sheria ya dini yake katika mambo ya mali hiyo.