Swichi na ruta za vituo vya data: utendaji na gharama

Swichi na ruta ni vifaa vya kupitisha pakiti za data ndani ya kituo cha data, na kati ya kituo hicho na mitandao ya nje. Zamani swichi ilisoma anwani ya kifaa, na ruta ikasoma anwani ya IP. Siku hizi swichi nyingi za vituo vya data husoma zote mbili, na hata hupangiwa njia kwa BGP, itifaki ileile inayoendesha intaneti. Tofauti kubwa iliyobaki ni kumbukumbu, na huko ndiko fedha nyingi huenda.

Chipu ya Tomahawk 3 ya Broadcom, iliyoundwa kwa ajili ya swichi, hupitisha terabiti 12.8 kwa sekunde, lakini bafa yake, yaani kumbukumbu ya kuhifadhi pakiti zinazosubiri kutoka, ni megabaiti 64 tu. Data ikiingia kwa kasi hiyo bila kutoka, bafa hujaa kwa maikrosekunde 40. Ndani ya jengo moja, ambako safari ya pakiti ni fupi, hiyo inatosha. Jericho2 ya kampuni hiyohiyo, inayotumika katika ruta, hubeba bafa ya gigabaiti kadhaa na jedwali kubwa la njia, kwa kuwa kwenye viungo vya masafa marefu msongamano hudumu kwa milisekunde. Ndiyo maana kila gigabiti ya ruta kwa kawaida huwa ghali kuliko ya swichi na hula umeme zaidi.

Hata hivyo, pale penye njia zote za intaneti, kubana matumizi ni hatari. Tarehe 12 Agosti 2014 jedwali la njia za IPv4 lilivuka 512,000. Ruta za zamani ambazo kumbukumbu yake ilitengewa kiasi hicho zilielemewa, na huduma nyingi za mtandaoni zikayumba.

Ndani ya kituo hali ni kinyume. Mwaka 2008 Al-Fares, Loukissas na Vahdat wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kwamba swichi za kawaida zenye milango 48, zikiungwa kwa mpangilio unaotokana na wazo la Charles Clos la mwaka 1953, zinaweza kuunganisha seva 27,648 bila kupunguza kasi. Hoja ya kununua mitambo mikubwa ya bei ya juu ilidhoofika sana.

Kasi iliyoandikwa kwenye kifaa ipimwe kwa pakiti ndogo: mlango wa gigabiti 10 hutakiwa kupitisha pakiti milioni 14.88 za baiti 64 kwa sekunde. Bei nayo ijumlishwe na transiva (vifaa vya kutuma na kupokea mawimbi ya data kwenye milango), nyaya za faiba, leseni za programu na umeme. Swichi yenye milango 48 ya gigabiti 10 kuelekea seva na minne ya gigabiti 40 kwenda swichi za ngazi ya juu ina uwiano wa 3 kwa 1 kati ya kasi ya kuelekea seva na ile ya kwenda juu, unaozifaa kazi nyingi za kawaida. Kwenye mafunzo ya akili unde, ambako maelfu ya vichakataji husubiriana, hutafutwa 1 kwa 1, na hapo transiva peke yake zaweza kugharimu zaidi kuliko swichi yenyewe.