Historia ya Balungi Jekundu na Uchaguzi wa Mche

Danzi na ndimu ziliufikia mwambao wa Afrika Mashariki karne nyingi zilizopita kupitia biashara ya Bahari ya Hindi. Balungi ni tunda changa. Lilizaliwa Barbados, visiwa vya Karibi, katika karne ya 18, furungu la Asia lilipochanganyika na chungwa tamu, na nyama yake ilikuwa nyeupe. Wekundu ulikuja kwa bahati. Mwaka 1913, huko Florida, tawi moja lilizaa matunda ya rangi ya waridi. Mwaka 1929, huko Texas, tawi la mti wa aina hiyo likazaa mekundu kabisa. Hilo ndilo chimbuko la Ruby.

Kwa maoni yangu, neno "tawi" ndilo la kuzingatiwa hapa. Ruby karibu haina mbegu, hivyo haikuenea kama fenesi letu ambalo humea hata jalalani. Ilienea kwa kubebeshwa: jicho la mti mwekundu hupachikwa kwenye shina la mche mwingine. Shina hilo nalo lina historia ya msiba. Miaka ya 1930, michungwa mingi mno iliyobebeshwa juu ya danzi ilikufa Argentina na Brazil kwa virusi vya tristeza, vinavyoenezwa na vidukari. Virusi hivyo vipo Uganda pia, ndiyo maana shina la limau ni salama zaidi kwetu.

Wakoloni walianzisha Bustani ya Mimea ya Entebbe mwaka 1898 ili kujaribu mimea ya kigeni kabla ya kuisambaza. Leo mkulima mdogo hufanya jaribio hilo kwa shamba lake mwenyewe. Senga wangu, anayeishi Wakiso, ameniuliza anunue aina gani. Star Ruby, iliyotolewa mwaka 1970 baada ya mbegu kupigwa mionzi, ni nyekundu kuliko Ruby, lakini mti wake ni dhaifu na huoza shina kwenye udongo unaotuama maji. Kwa mvua zetu za misimu miwili, mimi naichagua Rio Red ya mwaka 1984. Wekundu wake hupenda joto, hauhitaji baridi. Ganda tu ndilo hubaki na ukijani hapa kwetu.

Shida ni kwamba miche myeupe na myekundu hufanana kwa macho, na tunda la kwanza huchukua miaka kadhaa. Nimemshauri Senga aombe kuonyeshwa mti mama ukiwa na matunda, apasue moja, ndipo atoe pesa.