Dalsima ya Hindman: Zaidi ya Karne Moja ya Shule, Mafundi na Wapigaji

Mzee Ed Thomas hakuiacha dalsima itoke mikononi mwake bila namba na tarehe. Alitengeneza ya kwanza mwaka 1871, akaendelea mpaka uzeeni, na alipofariki mwaka 1933 hesabu yake ilikuwa imekaribia 1,500. Kwa fundi mmoja aliyeishi katika mabonde ya kaunti ya Knott, mashariki mwa Kentucky, Marekani, hiyo ni kazi ya umri mzima. Namba zile ziliwasaidia watafiti wa baadaye kujua ala ipi ilitoka lini, na nyingi kati yake walizikuta mbali sana na Knott.

Historia ya Hindman, mji mdogo ulio makao makuu ya kaunti hiyo, na ya shule yake iliyoanzishwa mwaka 1902, ni historia ya ala iliyopelekwa kwa wageni, ikapata jamaa huko, kisha jamaa hao wakaja kuitafuta kwao.

Dalsima ya milimani ni sanduku jembamba la mbao, refu kiasi cha kufunika mapaja ya mtu aliyeketi. Shingo yake haitokezi nje kama ya gitaa. Imelala juu ya sanduku kutoka mwanzo hadi mwisho. Ya kizamani ina nyuzi tatu. Mkono wa kushoto hushika kijiti kifupi na kukiteleza juu ya uzi wa kwanza, huo ndio unaobeba wimbo; mkono wa kulia hupitisha risha, zamani unyoya wa bata mzinga au wa bata bukini, juu ya nyuzi zote tatu. Nyuzi mbili zisizoguswa na kijiti huvuma sauti ileile tangu wimbo unapoanza mpaka unapokwisha. Mpenzi wa taarab aliyewahi kumtazama mpiga kanuni ataujua mkao huu wa ala mapajani, ila kanuni ina nyuzi zaidi ya 70 na inadai miaka ya mafunzo, na dalsima humruhusu mtu kupiga wimbo mwepesi siku ileile anayoishika. Wepesi huo ndio uliowezesha mengi ninayoyasimulia hapa.

Asili yake ni Ujerumani. Wahamiaji wa huko walifika Pennsylvania katika karne ya 18 na ala nyembamba ya mstatili iitwayo sheitholti, wakateremka nayo kwenye mabonde ya Virginia, ambako walikutana na walowezi wa Uskoti na Ireland waliokuja na fidla na tenzi ndefu za masimulizi. Mwanzoni mwa karne ya 19 umbo likaanza kubadilika: sanduku likapata mbinuko, shingo ikapandishwa juu na kuwekwa katikati. Ya Mzee Thomas ilibonyea kiunoni, mara nyingi ilikuwa ya mti wa jozi, na matundu yake ya sauti yalichongwa kwa umbo la moyo. Freti zake zilikuwa vipande vya waya vilivyokunjwa ncha mbili na kupigiliwa chini ya uzi wa kwanza tu, kwa kuwa nyuzi nyingine hazikuwa na haja nazo.

Wengi hudhani kila nyumba ya milima ya Appalachia ilikuwa na dalsima ukutani. Si kweli. Bonde moja lilikuwa nayo, la jirani halikuwahi kuiona. Fidla na banjo ndizo zilizotawala, na banjo, kama tujuavyo, ni mtoto wa ala walizokumbuka Waafrika waliopelekwa utumwani. Dalsima ilikuwa ala ya familia chache na mafundi wachache. Tusipolijua hilo hatutaelewa shule ilifanya nini.

Shule yenyewe ilianza kwa mahema. Katika kiangazi cha mwaka 1899 Katherine Pettit na May Stone, wanawake wasomi kutoka sehemu tajiri zaidi ya Kentucky, walipiga kambi huko Hazard kufundisha kusoma, kushona, kupika na usafi. Walikuwa wamevutiwa na vituo vya mijini, kama kile cha Hull House cha Chicago, ambako watu waliosoma walihamia kuishi kati ya maskini badala ya kuwatembelea na kuondoka. Simulizi inayopendwa zaidi Hindman ni ya mzee Solomon Everidge, aliyetembea zaidi ya kilomita 30 bila viatu kwenda kuwaomba wanawake hao waje kwao, kwa kuwa yeye tangu utotoni alitamani elimu akaikosa na hakutaka wajukuu wake waikose. Mwaka 1900 kambi ilipigwa Hindman, uliofuata Sassafras, na mwaka 1902 shule ikasimama kwenye kingo za kijito cha Troublesome, kwa msaada wa umoja wa wanawake Wakristo waliopinga ulevi. Watoto walilipa ada kwa kazi: shambani, jikoni, kufua, kukata kuni. Mwaka 1913 Pettit aliondoka kwenda kuanzisha shule nyingine, Pine Mountain. Stone alibaki na Hindman hadi kifo chake mwaka 1946.

Wanawake hawa walikuja kufundisha, wakajikuta wanasikiliza. Tenzi ambazo Uingereza yenyewe ilikuwa inazisahau ziliimbwa na watoto wa darasani. Pettit aliziandika, na mwaka 1907 baadhi zikachapishwa katika jarida la wataalamu wa sanaa simulizi. Mwaka 1914 Josephine McGill alikuja Hindman kukusanya nyimbo na noti zake. Mwaka 1917 akaja Cecil Sharp, mkusanyaji mashuhuri kutoka Uingereza. Na dalsima za Mzee Thomas zikaanza kununuliwa na shule, zikapelekwa kwa marafiki na wafadhili katika miji ya kaskazini. Kila mfadhili aliyepokea moja alipokea picha ya milima kama shule ilivyotaka ionekane.

Mwanahistoria David Whisnant, katika kitabu chake cha mwaka 1983, alizikosoa vikali shule za aina hii kwa kuchambua utamaduni wa watu na kuuinua ule tu uliowapendeza walimu. Naona alikuwa na haki. Dalsima yenye sauti ya upole ilipewa cheo ambacho banjo ya ngoma za usiku haikupewa, na wenyeji hawakuulizwa. Lakini ni kweli pia kwamba pasipo wanunuzi wale Mzee Thomas asingekaribia dalsima 1,500, na huenda pasingekuwa na fundi wa kumrithi.

Mrithi alikuwa Jethro Amburgey. Alijifunza kwa Thomas, akatumia umbo lake, na kwa miaka mingi akafundisha useremala hapohapo Hindman Settlement School. Naye aliweka namba na tarehe. Alitengeneza zaidi ya 1,000 kabla ya kufariki mwaka 1971, na baadhi zilisafiri hadi New York kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga.

Huko New York alikuwako binti wa kaunti jirani. Jean Ritchie alizaliwa Viper mwaka 1922, wa mwisho kati ya watoto 14. Baba yake alikuwa na dalsima na aliwakataza watoto kuigusa. Jean aliigusa kwa siri mpaka akaijua. Baada ya chuo kikuu alikwenda kufanya kazi ya ustawi wa jamii katika kituo cha Henry Street, akiwaimbia watoto wa wahamiaji nyimbo za kwao Viper, dalsima mapajani. Watu wakaanza kumuuliza wataipata wapi. Aliagiza kwa Amburgey, wakazimaliza. Ndipo mumewe, mpigapicha George Pickow, na jamaa yake wakafungua karakana chini ya daraja la Williamsburg, Brooklyn. Mwaka 1963 Ritchie alitoa kitabu cha kujifunzia. Kwa maelfu ya watu wa mijini, yeye ndiye aliyekuwa mlango.

Mlango ulipofunguliwa, walioingia hawakuwa wa aina moja. Richard Fariña aliipiga kwa nguvu za muziki wa vijana wa miaka ya 1960. Brian Jones wa Rolling Stones aliirekodi mwaka 1966. Joni Mitchell aliitumia katika albamu yake ya Blue ya mwaka 1971. Mwaka 1975 likaanza jarida la Dulcimer Players News, na wapigaji waliokuwa wapweke, mmoja Michigan, mwingine Texas, wakajua kuwa wenzao wapo. Wakaanza kukutana. Cosby huko Tennessee, Mountain View huko Arkansas, vyuo vya milima ya North Carolina wakati wa likizo, na Winfield huko Kansas, ambako mashindano ya taifa ya dalsima hufanyika katika tamasha kubwa la Septemba.

Mikusanyiko hii iliibadilisha ala yenyewe, na jambo hili halisimuliwi inavyostahili. Mpigaji wa zamani alikuwa peke yake, akikaza nyuzi kwa kufuata koo lake. Uzi wa wimbo ulikaa kwenye *so*, na *do* ilianzia freti ya tatu. Wimbo ukiwa na mpangilio mwingine wa noti, aliulegeza au kuukaza uzi huo upya. Nyumbani hilo halina shida. Lakini weka watu 40 katika duara moja, kila mmoja akaze upya baada ya kila wimbo, na usiku utaisha kwa kukaza nyuzi. Kuanzia miaka ya 1970 wapigaji wakazidi kukubaliana kwamba uzi wa kwanza uwe *do*, ukiwa wazi bila kubanwa. Tatizo likawa moja: kwa mpangilio wa freti za zamani, noti ya saba ilishuka nusu sauti, yaani *ta* mahali pa *ti*. Mafundi wakaongeza freti moja, wakaiita sita na nusu, na leo ni nadra kukuta dalsima mpya isiyo nayo. Vidole vikachukua nafasi ya kijiti, akodi zikaingia, na nyuzi zilizokuwa zikivuma zikaanza kubanwa kama zile nyingine.

Kuna waliohuzunika, nami niko upande wao kwa nusu. Mvumo ule usiokoma ndio uliozifanya tenzi za kale zisikike kama zinatoka mahali fulani na si popote. Hata hivyo, bila makubaliano hayo ya duara, sidhani kama bibi aliyestaafu na kijana wa miaka kumi wangeweza kuketi pamoja siku ya kwanza, wakasikiliza anayeanzisha, wakaurudia wimbo mpaka ukawaingia, na kumaliza kwa pamoja mtu mmoja anapoinua mguu kuashiria kwamba huu ni mzunguko wa mwisho.

Wakati huo Hindman ilikuwa inapungukiwa. Makaa ya mawe yalipanda na kushuka, vijana wakahama, na mtoto wa Knott aliweza kumaliza shule bila kuishika dalsima. Waliokuja kuulizia nyumba ya Mzee Thomas walikuwa wageni. Mwaka 2001 Kentucky iliitangaza dalsima ya Appalachia kuwa ala rasmi ya jimbo. Hindman ikapata kituo cha mafundi, jumba la kumbukumbu ya dalsima, shule ya kutengeneza ala za nyuzi, na mkutano wa kuwarudisha wapigaji nyumbani, unaofanyika kwenye viwanja vya shule majani yakipukutika.

Uamsho huu ulikuja pamoja na balaa. Dawa za kutuliza maumivu zilikuwa zimeziingiza familia nyingi za mashariki mwa Kentucky katika uraibu. Mtu mmoja aliyekuwa akipambana nao alimwendea fundi mkuu Doug Naselroad na kumwomba amfundishe kutengeneza ala. Kutokana na ombi hilo ukazaliwa mpango wa kuwapa waraibu wanaopona kazi ya mikono, na mwaka 2019 ikaanzishwa kampuni ya Troublesome Creek, inayotengeneza magitaa, mandolini na dalsima, ikiwaajiri watu wa aina hiyo.

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 2022 kijito kile kikafurika kama ambavyo hakikuwahi kufurika. Zaidi ya watu 40 walikufa mashariki mwa Kentucky, na Knott iliumia kuliko kaunti nyingi. Shuleni kulikuwa na waandishi waliokuja kwa warsha yao ya kila mwaka. Walipanda kwenye majengo ya juu gizani. Maji yaliingia kwenye ofisi na hifadhi ya nyaraka, karatasi na picha za karne nzima zikalowa. Kwenye karakana, mashine na ala zilizokuwa tayari kuuzwa zilifunikwa na matope. Katika siku zilizofuata shule iliwalaza na kuwalisha majirani waliopoteza nyumba, huku watu wakianika picha moja moja. Karakana ilisafishwa na kazi ikaanza tena.

Mwaka 2027 Hindman Settlement School itatimiza miaka 125. Ningependa sherehe hiyo ifanye mambo mawili. La kwanza, wenye dalsima za Thomas na Amburgey, popote walipo, waombwe kutuma namba na tarehe zao, ili orodha ya mafundi hawa wawili ijazwe kadiri inavyowezekana. La pili, usiku mmoja wa mkutano utengwe kwa kijiti na unyoya, nyuzi zikazwe kwa *so* kama zamani, na watakaoketi katika duara la mbele wawe mafundi wa karakana, wakipiga ala walizozitengeneza wenyewe.