Kihispania na Nchi Kinamosemwa

Maharage tunayopanda migombani hapa Buganguzi asili yake ni Amerika, bara ambalo nchi zake nyingi husema Kihispania, tangu Meksiko mpaka Ajentina. Hapa Afrika, Kihispania ni lugha ya serikali katika Guinea ya Ikweta, nchi iliyopata uhuru mwaka 1968.

Maharage yalifika kwetu; mbona lugha haikufika? Mwaka 1494 Hispania na Ureno zilipatana kugawana bahari: Hispania ikashika upande wa magharibi, Ureno mashariki. Ndiyo sababu pwani yetu ilipokea maneno ya Kireno, kama meza, leso na gereza. Ngome ya Mombasa, Fort Jesus, ilianza kujengwa mwaka 1593, zamani za Mfalme Philip wa Pili, aliyetawala Hispania na Ureno pamoja. Lakini ngome ilikaa mikononi mwa Wareno hata walipofukuzwa mwaka 1698, na Kihispania hakikuota mizizi.

Amerika mambo yalikuwa mengine: Wahispania walihamia, wakaoa, wakazaa. Lakini tazameni Paragwai. Huko wageni walikuwa wachache, na wake zao wenyeji waliwalea watoto kwa Kiguarani. Hata leo lugha hiyo husemwa na watu wengi, pamoja na Kihispania.

Basi twajifunza kwamba mfalme aweza kujenga ngome, bali lugha hudumishwa na walezi nyumbani. Nasi tujifunze Kiswahili kwa bidii shuleni, wala tusiwanyime watoto wetu Kihaya.